Siku Tuliyomwacha Mama Karanja Norfolk

Mmeniomba mara mbili nije ofisini kwenu Plano, hapa Texas, niwafundishe namna ya kuwaongoza watu wetu wa Afrika wakienda kutembelea Uingereza. Sitakuja. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu, na maegesho yenu yako mbali na mlango. Nimekaa mezani kwangu na kikombe cha chai, nawaandikia. Nanyi someni mkiwa mmekaa, maana mkishaianza kazi hii hamtakaa tena.

Nianze na choo. Mgeni mwenye haja ndogo hasikii habari za mfalme yeyote. Aliyenifundisha hilo ni Bi Loretta, mama wa Dallas ya kusini aliyekuwa mkubwa wangu nilipoajiriwa kuongoza misafara. Safari yangu ya kwanza ya Norfolk, ile kaunti ya mashariki mwa Uingereza yenye makanisa mengi kuliko maduka, nilisimama kwenye mvua nikawahadithia watu karne nane bila kupumua. Nilikuwa nimekariri kurasa nne. Bi Loretta akanivuta pembeni. "Zuhura," akaniambia, "wafalme wote umewataja. Yule mama pale umemwambia choo kiko wapi?" Nilitamani ardhi inimeze.

Yeye ndiye aliyenifundisha pia kusimama jua likinipiga mimi usoni na si wageni. Kwenye ngazi za mnara, anayetembea polepole apande mbele, wenye mbio wamfuate nyuma. Mkimweka nyuma atajisikia mzigo, na mtu anayejisikia mzigo husema amechoka hata kama hajachoka. Hayo hayamo kwenye simu zenu wala kwenye vile visemeo vya masikioni mnavyowagawia watu siku hizi. Vifaa hivyo ni vizuri, sivikatai. Lakini kisemeo hakioni nani amekunja uso.

Watu wetu wana mambo yao, nanyi msiwaonee aibu kama nilivyowaonea mimi. Kuna mzee mmoja Mkongo wa mtaa wa Vickery Meadow aliyebeba pakiti ya kahawa kutoka Dallas. Tulipofika kwenye jumba moja kubwa la kale, lenye vyumba zaidi ya mia na mapazia mazito, akaniuliza, "Mwenye nyumba iko wapi? Mimi haiingii kwa mutu mikono mitupu." Nikamwambia mwenye nyumba alikufa zamani, hapa wapo walinzi tu. Akasema basi atampa aliyerithi funguo. Akaenda kumkabidhi kahawa bibi mmoja wa Kiingereza aliyeketi akilinda chumba cha kulia. Mimi nilijificha nyuma ya nguzo kwa fedheha. Yule bibi alisimama, akaipokea kwa mikono miwili, akatuonyesha mlango wa jikoni ambao wageni wengine hawafunguliwi. Tangu siku hiyo kila msafara wangu ulibeba chochote kidogo cha kumpa mwenyeji.

Sasa nije kwenye kuhesabu, kwa sababu hapo ndipo nilipoharibu.

Kila kiongozi wa msafara hufundishwa kuhesabu vichwa kabla basi halijaondoka. Nilijaribu mara moja tu kwa wazee wetu. Nilipita na kidole, moja, mbili, tatu, na nilipofika tano bibi mmoja Mkikuyu akakishika kidole changu. "Wewe, watu hawahesabiwi," akasema. "Unataka nani apungue?" Basi zima likamuunga mkono, Wakristo kwa Waislamu. Nikatafuta njia nyingine. Kila abiria nikampa jirani wa kumwangalia, na kabla ya kuondoka nikawa napaza sauti, "Jirani yupo?" Nao wakiitikia, "Yupo!" dereva anatia gia. Njia hiyo ilinifaa miaka mingi. Nilijisifu nayo hadi kwa Bi Loretta.

Msafara ninaotaka kuwaambia ulikuwa wa watu wa Dallas na Houston kwa pamoja. Miongoni mwao alikuwamo Mama Karanja, nesi mstaafu wa Pearland, kitongoji cha Houston, mjane, mwanamke wa maneno machache aliyevaa kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi kila asubuhi. Jirani niliyempa alikuwa Mzee Suleiman, Mzanzibari aliyeendesha malori Houston hadi nywele zikaisha. Waliketi kila mmoja upande wake wa njia ya katikati ya basi. Niliwaweka pamoja kwa kuwa wote hawakupenda muziki, na kwa siku mbili walielewana bila kuzungumza sana.

Asubuhi ya pili, kwenye kifungua kinywa, Mama Karanja alikuja mezani kwangu na karatasi ya ratiba. Nikamwamkia. Akaitikia, akakaa, akaitazama karatasi kwa muda.

"Zuhura, hii program yenu haiwezi pitia hapa kidogo?" Akautaja mji mmoja mdogo. "Hata nusu saa tu."

"Pale hakuna kitu, Mama," nikamjibu, mkate uko mkononi. "Hakuna ngome wala jumba. Tukipita kule tutachelewa kanisa kuu."

"Sawa. Ni sawa tu."

Akaikunja karatasi mara nne akairudisha kwenye mkoba. Wanangu, mimi nimezaliwa Tanga, nimelelewa na bibi. Najua vizuri kwamba mtu mzima wa kwetu hakuombi jambo zito waziwazi. Hulizungukia, hukuonyesha ncha yake tu, na hakuombi mara ya pili. Najua hayo yote. Lakini watu walikuwa wamenipa jina la utani la Mama Saa, na mimi jina hilo lilinipendeza. Sikumuuliza kuna nini pale.

Kesho yake tulikula chakula cha mchana kwenye bustani ya jumba la kale, mwendo mfupi kutoka ule mji. Saa nane kamili nikapanda basi. "Jirani yupo?" Wakaitikia wote. Nilimsikia Mzee Suleiman kwa masikio yangu, "Yupo!" na kwenye kiti cha Mama Karanja niliona koti lake limefunika mto, kama mtu aliyejiinamia kulala. Tukaondoka.

Baada ya dakika arobaini tulifika kwenye magofu ya nyumba ya watawa, kuta zilizobaki nusu katikati ya malisho ya kondoo. Watu wakateremka. Koti halikuteremka. Nikaligusa, likaporomoka, na simu yake ikaanguka sakafuni.

Nilimgeukia Mzee Suleiman. Sitayaandika yote niliyomwambia, maana ni mtu wa rika la baba yangu. Alisimama akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kaniomba nimsitiri, na mimi nimemsitiri," akasema. "Kama dhambi, bi Zuhura, niandikie mimi."

"Kaenda wapi?"

"Kapanda teksi kaenda makaburini, mji ule alokutajia. Kanambia angerudi kabla hatujaondoka, na kama hajarudi niitike tu, atatufuata. Nilidhani ana ndugu wa kumpokea." Akashusha sauti. "Ana mtoto wake pale. Alimzika... hata kumzika hakumzika. Wamemzikia."

Nilikaa kwenye ngazi ya basi. Nje upepo ulikuwa mkali, na yule mama wa miaka sabini na tano yuko peke yake bila koti, bila simu, kwenye mji niliomwambia hauna kitu. Niliogopa. Niliogopa kumpoteza, na kwa aibu nakiri kwamba niliogopa pia nitakachowaambia wanawe.

Nikawaita watu warudi ndani. Hapo ndipo Bwana Otieno, mwajiriwa wa kampuni kubwa ya hapo Plano aliyekuwa na kamera iliyomzidi kifua, alipopandisha hasira. "Madam, with respect. Hatukutoka Dallas kuja kukaa kwa bus. Ni mtu mzima, alijipeleka. Ata-call teksi arudi." Wengine wawili watatu wakaguna naye. Nikawaambia ninamfuata, na anayetaka kubaki na kondoo abaki. Hakubaki mtu.

Tulimkuta. Makaburi yale yako pembeni mwa mji, nyuma ya shule. Mama Karanja alikuwa katikati ya nyasi, ameinama, anavuta miguu kutoka mstari hadi mstari. Karibu naye alisimama mtunza makaburi, mzee wa Kiingereza mwenye buti za mpira, ameshika ramani iliyochanika kwenye mikunjo. Walikuwa wakitafuta kwa saa moja na zaidi. Mama Karanja aliponiona hakushtuka. Alionekana amechoka tu, na midomo imebadilika rangi kwa baridi. Mzee Suleiman alimletea koti akamshikia avae.

"Pole kwa kuwasumbua," akasema. "Namba niko nayo. Niliandika barua miaka miwili, wakanitumia namba. Lakini haonekani."

Kisha akatueleza, amesimama palepale, bila kupaza sauti. Alikuja Uingereza akiwa msichana kusomea unesi. Akapata mimba, na mwanamume akamkana. Mtoto wa kike alizaliwa kabla ya wakati wake, akaishi siku nne. "Sister mkuu wa wodi aliniambia nirudi kazini Jumatatu, nisahau. Waliwazika pamoja, watoto wa watu tofauti, shimo moja. Sikuitwa. Nikauliza wapi, nikaambiwa ni afadhali nisijue." Aliolewa baadaye Kenya, akazaa wavulana watatu, akahamia Texas. Mumewe alikufa bila kujua. Wanawe hawajui. "Nimeosha watoto wa wenyewe miaka arobaini. Huyu wangu sikumwosha."

Juzi yake tu tulikuwa tumemtania kwenye basi kwamba laiti angejaliwa binti angemsaidia kubeba begi, naye akacheka nasi. Nililikumbuka hilo nikataka kujificha.

Msifikiri nawaambia haya ili mlie. Ipo kazi ndani yake. Nilimwomba mtunza makaburi ramani. Miaka yote ile ya kuzunguka viwanja vya makanisa ya Norfolk ilikuwa imenifundisha jambo moja: ramani ya makaburi ya zamani huhesabu mistari kuanzia langoni. Nikamuuliza, "Hili lango tuliloingilia ni la zamani?" Akafikiri. Akasema hapana, hili lilifunguliwa kwa ajili ya magari. La zamani liko kule upande wa pili, kando ya kikanisa, limezibwa kwa ua wa miti. Walikuwa wakihesabu kutokea mwisho usio wenyewe.

Tukaenda kwenye ua wa miti. Nikaanza kuhesabu mistari kutoka pale, kwa sauti, na mara hii hakuna aliyenizuia. Mstari wa kumi na moja haukuwa na msalaba wala jiwe la kusimama. Ulikuwa majani matupu. Mtunza makaburi akasema vibao vya namba ni vijiwe vidogo, navyo huzama ardhini kadiri miaka inavyokwenda. Basi watu wangu wakapiga magoti. Wamama wa kanisa na makoti yao mazuri, Wazanzibari na kofia zao, kila mmoja akachukua kipande chake cha mstari akawa anapapasa nyasi kwa vidole. Bwana Otieno alitoa kwenye mfuko wa kamera ile brashi ndogo ya kufutia vumbi. Ni yeye aliyekipata. Alifuta udongo, akaisoma namba, akaisoma tena. Aliinua mkono tu.

Mama Karanja alikuja taratibu. Akaomba maji. Mtu akampa chupa yake ya kunywa. Akajishusha chini, nasi tukamshika mabega, akakimwagia kile kijiwe maji kidogo kidogo, akikisugua kwa kiganja, pembe zote nne, kwa namna manesi wanavyoosha, bila haraka na bila kuruka mahali. Kilipong'aa akakikausha kwa kitambaa alichokivua kichwani.

"Nilimpa jina la mama yangu," akasema. "Anaitwa Wairimu."

Shemasi wa kike wa Dallas akaomba. Mzee Suleiman alisogea hatua chache, akainua mikono akasoma dua yake, na wenzake wakaitikia amina. Yule Mwingereza alikuwa amevua kofia. Nililia mbele ya wageni wangu, jambo ambalo Bi Loretta alinikataza kabisa, na nililia kwa huzuni na kwa hasira juu yangu mwenyewe. Nusu saa ndiyo aliyokuwa ameniomba.

Ngome tuliyopaswa kuiona jioni ile tuliikuta imefungwa, na Bwana Otieno ndiye aliyemwambia dereva apitilize hotelini. Kabla hatujateremka Mama Karanja alisimama mbele ya basi. "Nawaomba, hii mambo isifike Houston kabla yangu," akasema. "Watoto wangu nitawaambia mwenyewe. Nipeeni tu time." Tuliahidi. Ninyi mnalijua kundi letu la WhatsApp, ambalo mtu akikohoa Pearland anapewa pole Plano kabla hajafuta mdomo. Haikuwekwa picha hata moja. Mpaka leo nashangaa.

Tangu hapo nilibadili kazi yangu. Ile "Jirani yupo?" niliendelea nayo, lakini siku ya kwanza ya kila safari nilikaa na kila mzee peke yake, na ratiba nikaiacha mkobani. Niliuliza swali moja: "Kuna jambo lako huku?" Wengi walicheka wakasema wamekuja kuona ngome tu. Lakini yupo aliyetaka kuona chuo alichosoma baba yake, akasimama nje ya uzio dakika tano akatosheka. Yupo aliyetaka kuona ngoma ya watu wa kwao iliyowekwa kwenye kabati la kioo, akaomba abaki nayo mwenyewe. Ulizeni, na mkiuliza nyamazeni. Msijaze ukimya kwa maelezo, kwa sababu jibu huja polepole. Na kwenye kila siku ya ratiba acheni saa moja isiyo na jina.

Mama Karanja hakunipigia tena, ila salamu za Krismasi. Sikumuuliza kama ameshawaambia. Ilipita zaidi ya mwaka, kisha mwanawe mkubwa, Karanja mwenyewe, akanipigia simu. Mama alikuwa ameugua ghafla, wiki tatu hospitalini, akafariki. Karanja aliikuta namba yangu kwenye mkoba wa mama. "Auntie, she said you must come," akaniambia, kisha akarudia kwa Kiswahili, "Alisema mje. Nyote wa ile safari."

Hakusema zaidi, nami nikaogopa kuchokonoa. Siku ya mazishi tulitoka Dallas magari matatu alfajiri, tukafika Houston kanisa limekwisha jaa, na Mzee Suleiman akiwa ametushikia viti kwa kofia yake na magazeti. Tuliketi mstari mmoja sote. Wahudumu wakagawa vijitabu vya ibada, vilivyochapwa vizuri, picha ya mama juu. Nikafungua ukurasa wa wasifu. *Amejaliwa watoto watatu.* Nikamwona Bwana Otieno naye anapasoma palepale. Akanitazama, nikatikisa kichwa. Tuliahidi. Kama mama hakuwahi kusema, haikuwa kazi yetu kusema, na Wairimu angezikwa mara ya pili siku ile tukiwa tunatazama. Mzee Suleiman alikuwa ameinamisha uso, midomo inacheza.

Karanja akapanda kusoma wasifu. Ni mwanamume mrefu, wa makamo, mfanyakazi wa hospitali kama mama yake. Alisoma mahali pa kuzaliwa, shule, unesi, ndoa. Alipofika kwenye watoto akakifunga kijitabu akakiweka pembeni.

"Hiki kilichapwa haraka," akasema. "Hapa si sawa. Mama aliniambia wiki ile ya mwisho, na nimeongea na ndugu zangu, tumekubaliana. Mama yetu alizaa watoto wanne." Akaangaza mpaka akatuona mstari wetu. "Wa kwanza ni Wairimu. Amelala Norfolk, Uingereza, na kuna watu hapa ndani waliopiga magoti kumtafuta. Wa pili ni mimi."